Kukandwa kabla na baada ya mbio ndefu
Dada, umeuliza ukandwe usiku wa kuamkia Kilimanjaro Marathon au usubiri umalize kilomita 42 zako. Usiku huo, hapana. Masaji ya nguvu huacha misuli ikiuma, utaamka miguu mizito. Ile ya kuzamisha vidole ifanye siku 3 au 4 kabla. Asubuhi ya mbio, kuchuliwa kwa wepesi dakika 10 kunatosha, na bado utapasha mwili joto kama kawaida.

Baada ya mbio ndipo utaiona faida yake. Ile barabara ya mlima ya Mweka kwenye njia ya mbio, kupanda kunachosha, lakini kushuka ndiko kunakoumiza mapaja, na maumivu hufika kilele siku ya pili au ya tatu. Kunywa maji, kula, pumzika saa chache, kisha ukandwe taratibu. Watakwambia masaji inatoa mwilini asidi ya laktiki, ile inayotengenezwa na misuli ukikimbia kwa nguvu (hata makocha husema hivyo), kumbe mwili huiondoa wenyewe ndani ya saa moja hivi. Inachopunguza ni maumivu na kukakamaa, tena kiasi tu.

Ila kigimbi cha mguu mmoja kikivimba na kuwa cha moto, asikiguse mtu. Nenda hospitali.