Treni ile ile, uzito mwingine: kwa vijana mnaoanza kazi ya gengi la kutunza reli

Asubuhi moja ya kiangazi, kati ya Ngomeni na Muheza, mnyapara wetu alinisimamisha kwenye kiungo cha reli, pale ncha za reli mbili zinapokutana. Nilikuwa na wiki mbili tu kazini, viganja vimejaa malengelenge.

"Bwana mdogo, unaona nini hapo?"

"Vumbi jeupe, mzee, pembeni ya taruma."

"Vumbi! Na barabara iko wapi hapa?"

Sikuwa na jibu. Akaligonga taruma, ile boriti inayolala kukingama chini ya reli, kwa mpini wa sururu, likalia kama debe tupu. Akaligonga la jirani, likalia zito. Lile la kwanza lilikuwa linaning'inia kwenye reli, chini yake pana uwazi wa kuingia ncha ya kidole. Kila gurudumu likipita, taruma linashuka na kuzitwanga kokoto, nazo zinasagika. Ule ulikuwa unga wa mawe.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipolielewa vizuri jambo lile, na ndilo nataka mlishike mapema: treni haina uzito mmoja. Chukua ekseli, ule mhimili wenye gurudumu kila upande, iliyobeba tani 14. Behewa likiwa limesimama, kila gurudumu linaikandamiza reli kwa tani 7. Likitembea juu ya njia iliyonyooka, nguvu inaongezeka kidogo. Likifika kwenye kiungo kilichobonyea, gurudumu linadondoka, kisha linajibamiza kwenye reli ya mbele, na hapo nguvu inaweza kufika mara mbili ya ule uzito, hata kupita. Tena ni mapigo mawili yanayofuatana, ingawa sikio linasikia moja. La kwanza ni kali na fupi mno, chuma kwa chuma, linaumiza ncha ya reli na gurudumu lenyewe. La pili ni zito, linateremka hadi kwenye taruma, kokoto na udongo wa tuta. Hili la pili ndilo linalotuchimbia shimo. Shimo likiongezeka, pigo la treni inayofuata linakuwa kubwa zaidi, na mwendo ukiwa mkali ndiyo balaa. Kwa hiyo ukiona kibao cha mwendo wa pole, usidhani ni uoga wa wakubwa.

Niliwahi kukosea. Nilipandisha jeki, nikalijaza kokoto taruma moja tu la kwenye kiungo, nikaondoka. Haukupita mwezi, lile taruma likawa limebeba mzigo wa majirani zake, na majirani ndio wanaoning'inia. Siku hizi nasema: nenda mataruma matatu au manne kila upande, vuta uzi juu ya reli, ndipo uanze. Shindilia chini ya reli, pande zote mbili za taruma, usilibane katikati. Taruma lililokaza katikati hupasuka mgongo.

Bolti za kiungo kaza, lakini nafasi iliyopo kati ya ncha za reli uiheshimu. Reli ya mita 12 ikipata joto la nyuzi 30 zaidi inarefuka kama milimita 4.

Sasa maji. Njia yetu hii ya upana wa mita moja, iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi 1911, inakatiza kwenye udongo mwekundu wa Muheza, na masika mnayajua. Tuta likilowa linalainika, kila gurudumu linapopita linafyonza matope kuyapandisha juu, kokoto zinashikamana kama ugali. Kushindilia kokoto za namna hiyo ni kujichosha bure. Zibua mtaro na karavati kwanza, toa kokoto chafu, weka safi, ndipo ushike sururu. Na wewe unayekaa jirani na reli, nakuomba kwa moyo wangu wote: usichote zile kokoto kwa ajili ya zege ya nyumba yako, wala usitupe taka mtaroni. Kila karai unalobeba ni taruma linaloachwa bila kitanda, na juu yake watapita watu.

Treni ikija, simama mbali mahali salama, wachana na madirisha. Tazama mataruma. Lile linalopanda na kushuka kama kifua cha mtu anayehema, likariri lilipo, na treni ikishapita nenda ukalitie alama ya chokaa hapo hapo, kabla hujasahau ni la ngapi kutoka kwenye kiungo.