Mume wangu Mchina anarudi kwao, nimfuate kwa viza gani?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 29, ni msusi, nina saluni yangu Mbagala. Mume wangu ni Mchina, fundi mitambo kwenye kampuni ya ujenzi wa barabara. Tulifunga ndoa bomani miezi minane iliyopita na tuna mtoto wa kiume wa mwaka na nusu. Mkataba wake unaisha Machi, anarudi kwao Shaoyang, mkoa wa Hunan, na anataka twende tukaishi na wazazi wake. Anasema nichukue viza ya utalii, mengine tutayamalizia huko huko. Saluni nimeshaipatia mnunuzi, nataka nikafungue nyingine huko. Mama mkwe tumeongea kwenye simu mara mbili tu, hatuelewani lugha. Niende? Msusi wa Mbagala.*

Marahaba mwanangu. Kwenda, nenda. Mtoto anamhitaji baba yake, na ndoa changa haivumilii bahari katikati. Lakini saluni usiuze, na viza ya utalii usiichukue. Hayo mawili ndiyo yatakayoamua kama utaishi kwa wakwe zako kama mke mwenye nafasi yake, au kama mgeni anayeomba kila kitu.

Viza ya mke wa raia wa China anayekwenda kukaa zaidi ya siku 180 inaitwa Q1. Usiichanganye na Q2, hiyo ni ya kutembelea ndugu na kurudi. Ubalozi utataka pasi yenye angalau miezi sita mbele, fomu ya mtandaoni, picha, barua ya mwaliko aliyoiandika mumeo, nakala ya kitambulisho chake, na cheti chenu cha ndoa. Mwambie aagize kwao pia nakala ya hukou, kile kitabu cha usajili wa kaya, maana utakihitaji karibu kila ofisi utakayoingia.

Ubaya wa viza ya utalii uko kwenye karatasi. Ipo miji inayokubali kumbadilishia mke hadhi akiwa ndani ya nchi, lakini hata huko wataomba cheti cha ndoa chenye mihuri yote, na mihuri hiyo inagongwa Tanzania. Ukifika bila mihuri utarudisha cheti Dar kwa kuagizia watu, huku siku za viza zinakwisha. Ukizidisha muda, faini ni yuan 500 kwa siku, hadi yuan 10,000, na sheria inaruhusu kukuweka mahabusu siku tano hadi kumi na tano.

Kwa hiyo anza na vyeti, wiki hii. Tangu Novemba 2023 China inapokea vyeti vyenye mhuri wa Apostille, yaani mhuri mmoja unaotosha bila kupitia ubalozi, kutoka nchi zilizo kwenye mkataba wa mhuri huo, ila vyeti vya Tanzania vinapita njia ndefu: RITA wahakiki, Wizara ya Mambo ya Nje wagonge mhuri, kisha ubalozi wa China nao wagonge wa kwao. Pitisha cheti cha ndoa na cha kuzaliwa cha mtoto kwa pamoja. Kabla hujavipeleka, vilaze mezani pamoja na pasi zenu na usome herufi kwa herufi. Wachina huanza na jina la ukoo; kama bomani waliligeuza, au jina lako la kati lipo kwenye cheti na halipo kwenye pasi, rekebisha sasa. Tafsiri ya Kichina subiri ukafanyie huko, kwenye kampuni ya tafsiri inayokubaliwa na polisi wa mji wenu na yenye mhuri. Jina lako litaandikwa kwa herufi za Kichina, na mfasiri atumie herufi zilezile kwenye kila karatasi. Zikitofautiana, kwenye makabati ya ofisi utakuwa watu wawili.

Ukishatua, usilale ukidhani kazi imekwisha. Ndani ya saa 24 tangu ufike nyumbani kwa wakwe, mumeo akupeleke kituo cha polisi cha mtaa kuandikisha makazi yako. Mkichelewa mnaweza kutozwa hadi yuan 2,000. Chukua ile karatasi ya usajili na uitunze. Kisha nenda ukapime afya kwenye kituo cha afya ya wasafiri, maana ukaazi wa mwaka mmoja au zaidi unadai cheti cha afya: damu na picha ya kifua, kwa hiyo nenda asubuhi na tumbo tupu. Halafu idara ya uhamiaji ya polisi, kabla siku 30 hazijaisha tangu uingie nchini. Usishangae kuona kwenye viza ya Q1 muda wa kukaa umeandikwa 000. Maana yake ni kwamba viza ilikuwa ya kukuingizia tu, na kitakachokuweka ni kibali cha ukaazi. Pasi wataishika hadi siku 15 na kukupa stakabadhi. Kibali cha mwaka mmoja mpaka mitatu ni yuan 800, na cha kwanza mara nyingi hutolewa cha mwaka mmoja.

Kila kukihuisha utaomba siku 30 kabla hakijaisha, na mumeo atatakiwa na kitambulisho chake. Hapo ndipo penye uzito, mwanangu: ukaazi wako umefungwa kwenye ndoa. Ukaazi wa kudumu unaweza kuombwa baada ya miaka mitano ya ndoa na miaka mitano mfululizo ya kuishi huko, angalau miezi tisa kila mwaka, pamoja na kipato na nyumba ya uhakika. Kabla ya hapo, mkikosana ukiwa huna hela wala karatasi zako mkononi, huna pa kusimama.

Ndiyo maana nakukatalia kuuza saluni. Kibali cha familia hakikuruhusu kufanya kazi ya malipo, hata kusuka wateja wawili sebuleni. Faini ni yuan 5,000 hadi 20,000, na kesi ikiwa nzito kuna mahabusu. Kibali cha kazi huombwa na mwajiri, na kwa kawaida wanataka shahada na uzoefu wa miaka miwili. Kwa msusi mlango huo ni mwembamba mno, nisikudanganye. Mwachie saluni msichana unayemwamini, muandikiane mgawanyo, na hela iingie kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Laini hiyo nenda nayo na uiwekee salio isije ikafungwa, kwa sababu namba za siri za benki zitakuja hapo. Weka kando nauli ya kurudi watu wawili, mahali ambapo ni wewe tu unapafikia.

Mtoto ana njia yake peke yake, na wengi hukwama hapa. Baba yake alikuwa Tanzania kwa kibali cha kazi, hakuhamia moja kwa moja, kwa hiyo kwa sheria ya China mtoto huyo ni raia wa China tangu kuzaliwa. Ukimwombea viza kwenye pasi ya Tanzania, ubalozi utakataa. Wao humpa hati ya kusafiria ya China, ya miaka miwili. Ombeni hiyo mapema. Kwa kuwa alizaliwa kabla ya ndoa, hakikisha jina la baba lipo kwenye cheti cha kuzaliwa, na ujue polisi wa Shaoyang wanaweza kudai kipimo cha DNA kabla ya kumwingiza kwenye hukou. Akishaingia, shule ya serikali na bima ya afya zinakuwa rahisi. Ila China haitambui uraia pacha, kwa hiyo kaeni na mumeo mlizungumze hili kwa utulivu kabla hamjajaza fomu. Na ujue kwamba ndoa ikivunjika, mahakama humpa mama mtoto aliye chini ya miaka miwili kwa kawaida. Akishavuka miaka miwili hutazamwa maslahi yake, na aliyetimiza minane huulizwa maoni. Wako anakaribia miwili.

Mama mkwe si adui, lakini jiandae. Kuna uwezekano mkubwa anaongea lahaja ya huko, ambayo hata Kichina cha darasani hakikufikishi mbali nayo. Jifunze hata hivyo. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inafundisha, anza mwezi huu. Mwite mama, msalimie kwanza kila asubuhi, na kubali akishika mtoto, maana bibi kulea mjukuu ni jambo la kawaida kabisa huko. Chakula cha Hunan ni pilipili asubuhi hadi usiku. Mwambie mumeo awaeleze wazazi kwamba mtoto hajazoea pilipili. Na baridi isikudanganye. Hunan iko kusini, haina mabomba ya joto ya mji kama kaskazini, kwa hiyo Januari ndani ya nyumba utavaa koti. Nunua nguo za joto huko, bei ni nafuu; kutoka Dar beba rasta na mafuta ya nywele.

WhatsApp haifanyi kazi kwenye intaneti ya kule. Mfungulie mama yako WeChat, programu ya Wachina ya kuchati na kupigiana simu, kabla hujaondoka, mpigiane mara kadhaa mkiwa bado mji mmoja, azoee. Andika namba 12367 ya uhamiaji, wanapokea saa 24 na Kiingereza wanaongea, na 110 ya polisi. Pasi yako ikae nawe. Mtu akisema atakutunzia, hata kwa upendo, mwambie unayo.

Leo usiku mwombe mumeo mambo mawili: nakala ya hukou ya kwao, na simu ya video ya watu wanne, wewe na yeye na wazazi wake, akitafsiri. Waulize mtalala chumba gani, nani atalipia matumizi yako, na wanaonaje ukienda shule ya lugha. Kama mumeo atakwepa kuwauliza hayo, sogeza tarehe ya safari mpaka atakapowauliza.