Konda wa okestra, gari ya wapi?

Msomaji kaniletea swali ambalo limenichekesha kwanza halafu likanikalisha chini. Anaandika kwa Kiswahili maisha ya Neville Marriner, yule Mwingereza wa muziki wa klasiki, akaandika "alicheza vayolini miaka mingi kisha akawa kondakta wa okestra", wenzake kuisoma wakamuuliza kondakta wa gari ya wapi. Anataka kujua kosa liko wapi.

Tuanze na hilo "alicheza". Ala kwetu inapigwa. Ngoma inapigwa, gitaa linapigwa, hata tarumbeta ambalo mtu analipuliza mpaka mashavu yanavimba bado tunasema kapiga tarumbeta. Anayecheza ni yule aliyenyanyuka kwenye kiti, kwahiyo ukiniambia Marriner alicheza vayolini mi namwona mzee wa watu anakata mauno. Neno vayolini lenyewe sina ugomvi nalo, ila neno fidla tunalo siku nyingi kwa ala hiyohiyo, watu wa taarab Unguja wanalitumia na halina shida. Usiende kwenye zeze tu, ile ni ala nyingine kabisa.

Sasa kondakta. Neno hilo limeshachukuliwa na mtu wa nauli, konda, makanga, ukilirudisha kwenye okestra watu lazima wacheke. Wengi wanakimbilia "kiongozi wa okestra" ila mi hapo nasita, kiongozi ni cheo, anaweza kuwa hata mwenyekiti asiyejua noti moja. Mwongozaji ndo mwenye kazi yenyewe mkononi, kama tunavyosema mwongozaji wa filamu. Basi mwongozaji wa okestra.

Lakini kwa Marriner hapo ndo panapotatiza, maana huyu aliongoza kwa namna mbili. Alizaliwa Lincoln 1924, akaja kuwa mkuu wa fidla za pili, yaani kundi la pili la wapiga fidla, kwenye London Symphony Orchestra, na 1958 akaanzisha kikundi cha Academy of St Martin in the Fields, jina la kanisa lililopo pale Trafalgar Square. Mwanzoni hakikuwa na mtu wa kusimama mbele, yeye alikuwa anaongoza amekaa palepale, fidla begani, wenzake wanamtazama anavyovuta upinde. Pierre Monteux, mwongozaji wa okestra mzaliwa wa Ufaransa aliyekuja kumfundisha kule Hancock, Maine, Marekani, ndo alimsukuma asimame aongoze kwa mikono. Akasimama kweli, akaja kuongoza okestra ya Minnesota toka 1979 mpaka 1986. Sasa Kiswahili kinasema "aliongoza" huku na kule, msomaji haoni kilichobadilika, na kwenye maisha ya huyu bwana mabadiliko yenyewe ndo hayo! Usitafute neno jipya, sema alichofanya: aliongoza akipiga, halafu akaweka fidla chini akaongoza kwa kijiti, kile anachokipunga mkononi mbele ya wapigaji. Itakusaidia pia ukifika kwa Joshua Bell, aliyepokea kikundi hicho 2011, maana yeye ni mpiga fidla na anaongoza akipiga.

Kwahiyo mi ningeandika: "Alipiga fidla miaka mingi, akaongoza kikundi chake akiwa kitini, mwisho akasimama akawa mwongozaji wa okestra." Na kile kijiti kiache kiwe kijiti, nimeona mahali wameandika "fimbo ya kondakta", hapo abiria wote tunashuka.