Elimu bure haikuanza 2016

Ndugu, unasema elimu bure Tanzania ilianza 2016. Hapana, ya 2016 ni ile iliyofika hadi kidato cha nne. Ada ya shule za msingi ilifutwa mapema miaka ya 1970, na Azimio la Musoma la 1974, la chama tawala TANU, likataka kila mtoto awe darasani ifikapo 1977. Walimu hawakutosha, ndipo vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huku wakiwa tayari kazini. Watu huwabeza walimu hao wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, nami naona si haki, maana ndio waliobeba mzigo vijijini. Hali ya uchumi ilipobana miaka ya 1980 ada ikarudi, hadi ilipofutwa tena kwa MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza 2002.