Kabla ya kununua programu ya kusimamia mradi, jua nani anamsubiri nani

Mkandarasi akiniuliza anunue programu gani ya kusimamia mradi, namrudishia swali: sasa hivi, kule saiti, nani amekaa akimsubiri nani? Akiweza kujibu bila kupiga simu, programu haina haraka. Wengi hupiga simu.

Kazi yangu ni uratibu wa miradi ya ujenzi, hasa majengo ya ghorofa Dar es Salaam na Dodoma. Mkandarasi mkuu ana wakandarasi wadogo wa umeme, maji, lifti na alumini, na kila mmoja anakuja na mafundi wake. Kundi la WhatsApp halikosekani, wala sishauri livunjwe. Kwa picha na kwa "lori la kokoto limefika" halina mpinzani. Lakini ujumbe wa asubuhi kwamba nondo za milimita 16 zinaisha, ikifika adhuhuri umeshafunikwa na salamu, vichekesho na pole za msiba. Aliyetakiwa kuagiza ataapa hakuuona, na pengine anasema kweli.

Programu zenyewe ziko za aina mbili. Zipo za ubao na kadi, ambapo kila kazi ni kadi inayosogezwa ubaoni kadiri inavyoendelea, kama Trello iliyoanza mwaka 2011. Wazo la kadi hizo lina asili yake katika viwanda vya Toyota huko Japani. Zipo za ratiba ya mistari, ambapo kila kazi ina mstari wake kwenye kalenda, kama Microsoft Project na Primavera, zinazotumia chati yenye jina la Henry Gantt, Mmarekani aliyeieneza mwanzoni mwa karne ya 20. Ubao unakuonyesha kazi imefika wapi. Ratiba inakuonyesha kazi moja ikichelewa inaburuta zipi. Jengo kubwa linataka zote mbili, ila ratiba ibaki kwa watu wawili watatu wa ofisini na ubao uende saiti. Usimpe fomeni Primavera. Hataifungua, na simlaumu.

Chukua slabu, yaani sakafu ya zege, ya ghorofa ya pili. Mirunda na mbao zinasimama kwanza, kisha nondo za chini zinasukwa. Hapo fundi umeme anaingia kulaza paipu zake kabla nondo za juu hazijafunika. Kisha mshauri mwelekezi anakagua, na ndipo zege linamwagwa. Fundi umeme akichelewa siku mbili, wasuka nondo wanakaa kivulini huku posho inahesabika, na gari la zege lililokwisha kupangwa linaahirishwa. Zege likishamwagwa, vipande vya kupima nguvu vinakwenda maabara, na majibu yanayosubiriwa zaidi ni ya siku ya 28. Mlolongo huu ndio wa kuingiza kwenye programu kabla ya kitu kingine chochote. Rangi za kadi na nembo ya kampuni zitakuja baadaye.

Na kadi iandikwe kwa namna ambayo haibishaniwi. "Umeme ghorofa ya 2" ni kichwa cha habari tu. Andika hivi: "Paipu za umeme ndani ya slabu ya ghorofa ya 2, mhimili A hadi D, zimefungwa na mhandisi wa umeme amekagua." Chini yake jina la mtu mmoja. Ukiandika majina matatu, kila mmoja atadhani wenzake wanashughulika. Anayefunga kadi naye asiwe yule aliyefanya kazi. Afunge mkaguzi, na aweke picha.

Kuna kusubiriana kusikoonekana kwa macho, na hapo ndipo programu inalipa gharama yake. Mfano ninaoupenda ni lifti. Watu huiona kama kazi ya mwisho, wakati vipimo vya shimo lake vinategemea aina ya lifti itakayonunuliwa. Kwa hiyo kadi ya "aina ya lifti imeidhinishwa" inakaa kabla ya zege la kuta za shimo, miezi mingi kabla mtambo wenyewe haujaonekana bandarini. Milango ya alumini na majenereta nayo yana tabia hiyohiyo.

Kadi ziandikwe kwa Kiswahili cha saiti, na zifunguke kwenye simu ya kawaida. Asiyependa kuandika atume ujumbe wa sauti, karani wa saiti aingize. Bando lilipwe na kampuni. Fundi hatatumia vocha yake kukujazia ripoti. Kabla ya kuchagua toleo la bure, soma masharti ya idadi ya watu: Trello, kwa mfano, mwaka 2024 iliweka kikomo cha watu 10 kwa kila eneo la kazi lisilolipiwa. Sioni ubaya. Fomeni mmoja kwa kila mkandarasi mdogo anatosha, si lazima kila fundi awemo.

Kikao cha Jumatatu kiendeshwe juu ya ubao wenyewe, na zisomwe kadi zilizokwama tu. Zinazokwenda vizuri hazina haja ya hotuba. Kwa kila iliyokwama, muulize mwenye jina anasubiri nini na kutoka kwa nani, halafu mgeukie huyo anayesubiriwa papo hapo, mbele ya wenzake. Mwenye mradi akitaka asilimia, mhesabie kadi zilizofungwa na mkaguzi. "Plasta imefika asilimia 90" nimeisikia wiki baada ya wiki kwenye ghorofa ileile, na fundi hakuwa akidanganya. Alikuwa anamsubiri fundi bomba.