Jumba la zamani kugeuzwa ofisi za chuo: yaliyotukuta Mji Mkongwe

Mkuu, umesema chuo chenu kimepata jumba la ghorofa mbili Mji Mkongwe, ngazi ina ufa, na mkandarasi anataka kupiga lipu ya saruji kote kisha amwage zege ghorofani. Mzuieni kwanza. Nilisimamia kazi kama hiyo, jumba la familia lililofanywa ofisi za chuo, na saruji ndiyo iliyotutoa jasho.

Kuta zile ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, nene karibu nusu mita. Hunyonya unyevu na kuutoa zenyewe. Ukizivika saruji, maji hayana pa kutokea. Ukuta wetu wa uani ulishapigwa saruji miaka ya nyuma, kwa macho safi kabisa. Fundi mzee akaugonga kwa mpini wa nyundo, ukalia kama debe tupu. Alipobandua kipande, mchanga mbichi ukamwagika wenyewe, umechanganyika na chumvi nyeupe. Tukabandua yote, tukarudi kwenye chokaa iliyolowekwa shimoni kwa miezi. Mhasibu alinuna.

Boriti za mikoko usizikague katikati. Choma bisibisi pale zinapoingia ukutani. Tatu zetu zilimeza bisibisi hadi mpini, na juu yake ndipo palipopangwa makabati ya chuma ya mafaili. Karatasi nzito, jamani! Masjala ikashushwa chini, wahadhiri na meza zao wakabaki juu.

Vyumba vyembamba msivipiganie. Upana unafuata urefu wa boriti, mita 3 hivi. Bosi wetu alitaka ukuta uvunjwe apate ukumbi wa mikutano. Tukamkumbusha Beit el Ajaib, jumba la kihistoria la hapo hapo Mji Mkongwe, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati na kuua watu. Hakuuliza tena.

Vibali anzeni navyo mapema. Mji uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, hata dirisha hubadilishi kwa kujiamulia. Kazi yenyewe ianze na paa na michirizi. Maji ya viyoyozi nayo yapewe bomba hadi chini, yasitiririkie ukutani.

Kuhusu ufa wa ngazi: gundisha kipande chembamba cha kioo kwa jasi, kikatize ufa, uandike tarehe. Kikikatika, ngazi bado inatembea. Iteni mhandisi kabla ya mpaka rangi.