Jibu: Koleji kongwe zaidi Oxford ni ipi?
Ndugu yangu, umeuliza kwa nini koleji ya Merton hudai kuwa kongwe zaidi Oxford ilhali William wa Durham alifariki 1249 akiacha fedha zilizozaa University College, koleji nyingine ya hapo. Jibu liko kwenye hati. Fedha zile zilikuwa za kuwakimu walimu wachache, na kanuni zao zilikuja 1280. Walter de Merton, aliyekuwa ameshashika uchansela wa Uingereza, alitoa kanuni zake 1264 na kutenga mashamba ya Surrey yawalishe wanafunzi, 1274 akazikamilisha. Kwangu mimi hiyo ndiyo koleji hasa: watu, sheria na mali yao wenyewe. Peterhouse, koleji ya Cambridge iliyoanzishwa 1284, iliambiwa ifuate mfano huohuo. Ukifika Merton, panda maktaba iliyo Mob Quad, ua wa zamani wa koleji hiyo, ambako zamani vitabu vilifungwa kwa minyororo.